Barua kwa Hadija kabla hajapanda ndege

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu Hadija,

Asalaam alaikum. Sisi huku hatujambo, ila baba yako goti bado linamsumbua na habari ya fimbo hataki kuisikia. Nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu unanijibu "sawa mama, nimesikia mama", na mimi najua hapo una faili la mgonjwa mkononi na nusu ya niliyosema imekupita. Barua utaisoma umekaa. Isome umekaa, tafadhali.

Ninaandika kwa ajili ya yule mtoto wa juzi, wa kijijini Katakwi. Uliniambia amefariki, mpira wa kichwani, ule wa kupunguza maji ya ubongo, ulikuwa umeziba, na walipomfikisha kwenu Kampala alikuwa hajitambui tena. Nikasema inna lillahi, nikakuuliza mama yake ana hali gani. Ukanijibu, "Mama yake ndiye aliyechelewa kumleta." Halafu ukaniuliza kama masweta yako uliyoacha huku hayajaliwa na nondo.

Hayajaliwa. Lakini jibu lako limeninyima usingizi.

Najua ulikuwa umechoka. Najua mtoto uliyempigania usiku kucha akikufia mikononi, uchungu ule lazima uutue mahali fulani ndipo uweze kuingia thieta asubuhi kwa ajili ya mwingine. Sikulaumu kwa kutolia. Ninachokulaumu ni mahali ulipoutua. Umemtwisha mama yake, na yule mama alikuwa tayari ana wake wa kumtosha.

Mwezi ujao unakwenda Toronto, mwaka mzima, kusomea upasuaji wa ubongo wa watoto tu. Hapa mtaani kila anayenipa pongezi ananipa na hofu yake: atarudi kweli huyo? Shangazi yako ameniuliza mara mbili mbele ya wageni. Hofu hiyo si yangu. Mimi nakujua, utarudi. Hofu yangu ni kwamba utarudi na mikono mizuri kuliko uliyoondoka nayo, lakini macho yako yatakuwa yamezoea mama ambaye mtoto akizidiwa usiku anapiga simu na ambulensi inasimama mlangoni. Ukitoka huko, mama wa Katakwi utamwona mzembe. Na ukishamwona mzembe hutamwuliza kitu. Utampa maagizo tu.

Sasa ngoja nikueleze huyo mama alivyochelewa. Simjui, lakini nimekaa leba na kliniki ya watoto miaka ya kutosha kuijua njia aliyopita. Mpira ukianza kuziba, mtoto anatapika, analia usiku, kisha analala kupita kiasi. Kijijini, mtoto anayetapika na kulala ana malaria. Amepelekwa kituo cha afya, ametobolewa kidole, na hata kama kipimo kimesema hana, amepewa vidonge vya malaria kwa kuwa ndivyo vilivyokuwepo. Siku mbili hizo zimekwenda. Nyumbani mama mkwe amesema tangu mwanzo kwamba mpira uliozikwa kichwani mwa mtoto hauwezi kuwa kitu cha heri. Baba yuko Juba kwenye kazi na simu yake haipatikani. Kuna mbuzi wa kuuza, lakini soko la mifugo ni mara moja kwa wiki, na ukiuza nje ya siku yake unapewa nusu bei. Amepata nauli. Boda mpaka barabara kubwa, teksi mpaka Soroti, Soroti mpaka Mbale. Na hapo Mbale, Hadija, katika mji ule ule wenye hospitali inayofungua vichwa vya watoto siku zote, yeye amebadilisha gari akaendelea na safari ya saa nne na zaidi kwenda Kampala, kwa sababu kadi ya mtoto wake imeandikwa Kampala.

Hivyo ndivyo ulivyonisimulia mwenyewe, kwamba walipitia Mbale. Ulilisema kama jambo la njiani tu. Mimi ndilo lililonikaa kifuani. Nani alimwambia kwamba akizidiwa anaweza kuingia Mbale? Siku alipotolewa wodini na ule mpira mpya, nani aliketi naye akamwuliza, wewe mama, kwenu ni wapi, na mtoto akibadilika usiku utapita njia gani?

Nina hakika waliomruhusu walimwambia, "ukiona dalili, rudi haraka." Haraka ya wapi?

Akafika. Akakutana na daktari kijana ambaye hajalala, na daktari akamwuliza mbele ya watu: ulikuwa wapi siku zote hizi? Sijui kama swali hilo uliliuliza wewe au mwenzako. Usinijibu kwa hilo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usiniambie huna muda wa kuupima uzito. Unao muda wa kupima mshipa mwembamba kama uzi ndani ya kichwa cha mtoto wa kilo tatu.

Wewe ulikuwa bado shule ya msingi, kwa hiyo Mbale ya zamani huikumbuki. Kabla ya mwaka 2000, mtoto mwenye kichwa kikubwa upande wetu huu alikuwa hana pa kwenda isipokuwa Kampala, na wengi hawakwenda. Tulikuwa tunawaona siku ya chanjo, wamefunikwa kitenge mpaka machoni, mama amekaa benchi la mwisho ili wenzake wasigeuke. Kisha tukasikia kuna daktari wa Kimarekani amehamia Mbale na familia yake yote, Benjamin Warf, na mwaka 2001 hospitali ya CURE ikafungua milango. Tukaanza kuandika rufaa. Mama wa kwanza niliyemwandikia aliniuliza kama atatozwa pesa kwa kuwa na mtoto wa aina ile. Sijui ni nani aliyemtia wazo hilo.

Warf alikuja na mipira ya kawaida, hata ile ya bei nafuu iliyotengenezwa India, akaona inafanya kazi sawa na ile ya bei ya kutisha. Shida haikuwa mpira kuwa mbaya. Shida ni kwamba mpira ni kitu cha maisha. Unaziba, unaingia wadudu, na siku ukiziba mtoto anahitaji mpasuaji ndani ya muda mfupi. Ndipo akaanza kutumia kamera ndogo, kama ulivyonionyesha kwa kidole pale jikoni: kuingia kwa tundu dogo, kutoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo ili maji yapate njia yake mwenyewe, na kwa watoto wachanga kuongezea kuchoma vile vishada vinavyotengeneza maji. Uliniambia mshipa mkubwa wa damu uko papo hapo chini ya sakafu hiyo, na kwamba kila ukifika pale unanuia kwanza. Tangu siku ile nikijua una thieta, na mimi nanuia.

Lakini nilichokishika katika yote uliyonieleza ni kimoja. Yule daktari alianza kwa kuuliza mtoto anarudi wapi. Ni barabara ya kijijini iliyomfanya atafute njia nyingine. Na mwaka 2017 walipochapisha ule utafiti wa Mbale, watoto 100 wa chini ya miezi sita, wengine wamewekewa mpira na wengine wamefanyiwa kwa kamera kwa kupiga kura, baada ya mwaka akili zao zilipopimwa haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Aliyeongoza uandishi wake ni Daktari Abhaya Kulkarni wa SickKids, hospitali ya watoto ya huko huko Toronto unakokwenda. Kwa hiyo mwanangu, ukikaa darasani huko usijione umetoka mahali pasipo na elimu. Sehemu ya hayo watakayokufundisha ilisomwa kwenye vichwa vya watoto wa Budaka na Kumi na Bududa, na mama zao waliokubali ndio waliofundisha. Kumbuka na hili: hata hiyo ya kamera haifaulu kwa wote, na ikishindwa mara nyingi hushindwa katika miezi ya mwanzo, kwa hiyo mtoto bado lazima arudi kupimwa. Unaona tunaishia pale pale. Arudi kwa njia gani?

Nakuomba uwe unauliza kabla ya kuchagua mpira au kamera, si baada. Kwanza kijiji, kisha picha ya kichwa. Labda kwenye vitabu vyenu mpangilio ni mwingine, na kuna mambo ya makovu na umri ambayo mimi siyajui. Lakini mtoto anayeishi hatua mia kutoka hospitali na mtoto wa ng'ambo ya mto unaofurika kila mvua si wagonjwa wa aina moja, hata picha zao zikifanana.

Kuna mambo yanaumiza kuyasema, nayasema kwa ufupi. Warf alipoandika juu ya watoto 300 wa kwanza, sita katika kila kumi walikuwa wamepata maji ya kichwa baada ya maambukizi, na wengi wao homa ile iliwapata mwezi wa kwanza wa maisha. Habari hiyo ilipotufikia sisi wakunga tulinyamaza wote chumbani. Mwezi wa kwanza ni mwezi wetu. Kichanga mwenye homa tulimchoma sindano, akishika titi tena tunamruhusu, kadi tunaweka mhuri. Utepe wa kupimia kichwa mara nyingi ulikuwa haupo, au upo na umekatika mwanzoni. Mama akirudi baada ya miezi miwili akasema naona kichwa kinakua, alikuwa akiambiwa huyu amefuata ukoo wa baba yake. Basi, tuyaache hayo.

Halafu watafiti wakasema mvua nayo ina sehemu yake, kwamba wagonjwa wanapanda na kushuka kwa kufuata majira ya mvua, na mwaka 2020 wakamtaja mdudu mmojawapo, Paenibacillus thiaminolyticus, waliyemkuta kwenye maji ya ubongo ya watoto wetu. Wewe ulinitumia habari hiyo usiku wa manane na alama za mshangao mstari mzima. Nilifurahi ulivyofurahi. Nilifikiria pia ni akina mama wangapi waliondoka kliniki yetu wakiamini ni laana, kumbe ni mdudu mwenye jina. Ukikutana na mama anayejilaumu, mwambie. Mwambie kwa lugha yake, usimwachie nesi amwambie mlangoni. Kwenye wodi zenu lazima kuna mtu wa Ateso, kuna mtu wa Lumasaba. Mtafute hata kama ni mfagizi.

Unakumbuka nilikwenda Mbale kumwona mama mdogo wako alipolazwa. Siku ya kurudi, kwenye stendi, nilikaa na msichana mdogo, labda miaka kumi na tisa, ana mtoto wa mgongo wazi aliyekwisha kushonwa. Mtoto amelala kifudifudi mapajani, bandeji imepita kiuno kizima, safi kabisa. Kondakta alitaka alipe viti viwili kwa kuwa mtoto hawezi kupakatwa wima. Yule msichana hakubishana. Alifungua fundo la kitenge, ndani mna mpira mwembamba wa kutolea mkojo umefungwa kwenye karatasi, sabuni kipande, na noti mbili zilizokunjwa. Akatazama noti, akatazama ule mpira, akaanza kunieleza, kama mwanafunzi anayeogopa kusahau, kwamba lazima anawe mikono, amtoe mtoto mkojo kila baada ya saa chache mchana kutwa, asisubiri aloe, la sivyo figo zitaharibika. Alikuwa ameshika kila neno. Akaniuliza, "Sasa ndani ya gari nitanawa kwa maji gani?"

Nilimlipia kiti, nikamnunulia chupa ya maji. Hiyo haikuwa kazi kubwa. Lakini nilijiuliza kama daktari aliyeushona ule mgongo, kazi nzuri kiasi kile, kushona hata mimi mzee niliona ni kwa mkono wa fundi, alijua kwamba mgonjwa wake yuko kwenye benchi la stendi saa hizo anatafuta maji ya kunawa. Daktari huyo ni mtu mwema, sina shaka. Huenda alikuwa ameshaingia kwa mtoto mwingine. Wewe pia ni mtu mwema na unaingia kwa mtoto mwingine. Ndiyo maana naandika.

Usidhani sioni unachokifanya. Nikipita sokoni nikaona mtoto ana kovu dogo juu ya paji la uso, mguu wangu unasimama wenyewe. Daktari Juliet Sekabunga Nalwanga alipotangazwa kuwa mwanamke wa kwanza Uganda kubobea upasuaji wa ubongo, baba yako alikata gazeti akaliweka ndani ya Kurani yake, na wakati huo wewe ulikuwa bado hujamwambia mtu kwamba ndiko unakoelekea. Alijuaje, sijui. Mimi nilitaka usomee macho. Nilikuambia kazi ya kichwa itakumaliza, na nilikuambia kwa ukali, na ukakaa miezi bila kuja nyumbani. Unayajua hayo, siyarudii. Nasema tu kwamba gazeti bado lipo.

Toronto jifunze kila kitu. Uvimbe wa ubongo, kifafa kisichosikia dawa, mafuvu yaliyofunga kabla ya wakati, yote ambayo hapa mnayaona yamekwisha kuiva. Huko utayaona mapema na utajifunza mapema inavyofanana. Lakini pia tazama kitu kimoja ambacho hakimo kwenye thieta: tazama nani anazungumza na mzazi siku ya kuruhusiwa, anakaa naye dakika ngapi, anampa karatasi gani. Wana watu wa kazi hiyo tu, nimesikia. Ukirudi utaniambia hatuna bajeti ya watu hao. Tunao watu wa VHT, wale wahudumu wa afya wa kujitolea, kila kijiji, wanatembea kwa miguu, wanajua kila mlango. Mpe mmoja wao namba ya simu ya wodi na utepe wa kupimia kichwa, na umfundishe kugusa utosi. Mtoto akikaa wima, ametulia, utosi uwe laini na umebonyea kidogo. Ukivimba na kukaza, apige simu usiku huo huo, asingoje asubuhi. Hilo hata mimi kwa uzee wangu naweza kulifundisha, na kama utanipa ruhusa naanza kabla hujarudi.

Na uache kumlaumu mama wodini. Nimelisema na nitalisema tena ukipiga simu. Ukiona ulimi unataka kumlaumu, kaa chini kwanza, kwenye kitanda cha mtoto, uso wako uwe chini ya uso wake. Kisha uliza swali la njia: umekujaje? Atakueleza, na ndani ya hayo utasikia sababu ya ugonjwa na dawa yake. Akina mama hawa hawachelewi kwa kupenda. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe bado.

Hilo la mwisho nilitaka kulifuta, lakini nimeandika kwa kalamu. Shangazi zako nimewakataza kuuliza habari ya ndoa yako, na mimi siulizi. Ila kama Mungu ataleta jambo ukiwa huko, anza foliki asidi mapema, mikrogramu 400 kila siku, kabla hata hujashika mimba. Najua wewe ndiye unayewaambia wengine kwamba uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki nne za mwanzo, mama mwenyewe hajajua kitu. Lakini madaktari mnasahau miili yenu. Chai kavu asubuhi na soda saa kumi si chakula. Nesi mmoja wa kwenu, ambaye sitamtaja, ameniambia ulipasua mpaka jioni ukiwa na ndizi moja tumboni. Mkono unaoshika kamera karibu na mshipa ule haufai kutetemeka kwa njaa. Kula. Hata ukiwa huko kula, wali wanao.

Sasa ya nyumbani. Masweta nimeyaanika, manne, lile la kijani nimelishona kwapa. Baba yako anasema baridi ya huko haihitaji sweta inahitaji koti la ndani yake manyoya, na rafiki yake mmoja wa zamani wa reli ana kijana aliyewahi kuishi Kanada ambaye ataliazima. Liangalie kwanza kama lina ukubwa wako. Nimekusagia simsim na karanga, kopo mbili, nimezifunga kwa nailoni mara tatu. Kama uwanja wa ndege watazikataa, usibishane nao, mpe dereva azile na wanawe.

Mabati ya jiko yamevuja tena upande wa magharibi. Fundi ametaja bei ambayo sikuipenda, nimemwita mwingine aje Jumanne. Mpaka wa shamba tumeupima mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, na jirani ametia saini, kwa hiyo ile hela uliyotuma kwa ajili ya wakili imebaki, nimeiweka kwenye kikundi chetu cha akiba, utaikuta. Mpwa wako yuko kidato cha nne na hesabu bado zinamshinda, anaomba umtafutie vitabu Kampala kabla ya kuondoka. Mimi naona anachohitaji ni kuzima simu saa mbili usiku, lakini mtafutie vitabu.

Kuhusu Juma. Amekuomba pesa za kuanzia boda, najua, ameniambia umekubali. Usimtumie yeye. Tuma kwangu, na mimi nitaitoa siku atakaponiletea leseni mkononi na kofia ya kujikinga, mbili, yake na ya abiria. Wewe mwenyewe unajua ni akina nani wanaojaza wodi yenu ya watu wazima, na kwa pikipiki gani.

Kabla hujasafiri, mtafute yule mama wa Katakwi. Namba yake lazima iko kwenye faili. Mpigie, au mpe mtu wa lugha yake ampigie nawe ukiwa pembeni. Usimweleze mambo ya mpira na kuziba. Mpe pole, mwulize alifikaje nyumbani na maiti ya mwanawe, nani alimsaidia nauli. Kama nauli alikopa, niambie ni kiasi gani, tutaona la kufanya.

Teksi ya Ijumaa usipande ya usiku, panda ya asubuhi. Baba yako atakuja kukupokea barabarani, amekataa nisiende peke yangu, kwa hiyo mletee ile dawa ya kupaka goti, ya kopo jekundu, ile ya bluu haimsaidii.

Mama yako